Umbali Ndani ya Njia Nyeupe kwa Kupima Mwendo wa Gesi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sehemu kubwa ya umbali unaoandikwa katika orodha za mawingu ya gesi ya galaksi yetu haikupimwa moja kwa moja. Kilichopimwa ni kasi, kisha umbali ukakokotolewa kwa kudhani kwamba gesi huzunguka kitovu cha galaksi kwa duara. Dhana hiyo ni nzuri mahali pengi, dhaifu mahali pengine, na mahali pachache haifai hata kidogo. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kujua nambari hizo zinatoka wapi na ni wakati gani anaweza kuziamini.

Kwa nini tutegemee mwendo wa gesi badala ya mwanga wa nyota?

Njia Nyeupe ni sahani pana na nyembamba yenye mikono iliyojipinda, nasi tumo ndani ya sahani hiyohiyo, karibu na katikati ya unene wake. Anayeitazama kwa mwanga wa kawaida kuelekea kitovuni huzuiwa na vumbi baada ya kiloparseki chache tu, ilhali kitovu chenyewe kiko umbali wa takriban kiloparseki 8.2. (Kiloparseki moja ni parseki 1,000, yaani karibu miaka ya nuru 3,260.) Mawimbi ya redio hupita katika vumbi hilo bila shida, kwa hiyo gesi ya upande wa pili wa galaksi huonekana kwa darubini ya redio kana kwamba vumbi halipo.

Tatizo ni kwamba wingu la gesi halina mng'ao wa asili unaojulikana. Likionekana hafifu, huenda ni dogo na liko karibu, au ni kubwa na liko mbali sana, na mng'ao peke yake hauwezi kuamua. Kasi, kinyume chake, husomwa kwa usahihi mkubwa, na galaksi imetupatia uhusiano kati ya kasi hiyo na mahali lilipo wingu.

Darubini inapima nini hasa?

Inapima frikwensi. Atomu ya haidrojeni isiyo na chaji hutoa wimbi lenye urefu wa sentimita 21.1, sawa na frikwensi ya megahezi 1420.406, pale elektroni yake inapogeuza mwelekeo wa mzunguko wake ukilinganishwa na ule wa protoni. Hendrik van de Hulst alitabiri mwaka 1944 kwamba mstari huu (yaani wimbi hili la frikwensi moja) ungeweza kuonekana kutoka angani, na Harold Ewen na Edward Purcell waliunasa kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1951 wakiwa Harvard. Wataalamu wa Uholanzi na Australia waliuthibitisha katika mwaka huohuo. Atomu moja ikiachwa yenyewe hukaa kwa wastani takriban miaka milioni 11 kabla ya kutoa wimbi hilo, lakini idadi ya atomu ni kubwa mno kiasi kwamba anga lote la Njia Nyeupe hung'aa katika frikwensi hiyo.

Gesi inayotukimbia hupunguza frikwensi tunayoipokea, na inayotukaribia huiongeza. Hiyo ndiyo athari ya Doppler. Katika mstari wa sentimita 21, kila kilomita moja kwa sekunde husogeza frikwensi kwa kilohezi 4.74. Wingu linalotukimbia kwa kilomita 60 kwa sekunde litaonekana kwenye megahezi 1420.122 badala ya 1420.406. Tofauti hiyo ni ndogo kwa sikio la mtu wa kawaida, lakini kwa kipokezi cha redio ni kubwa sana.

Gesi baridi na nzito, ambamo haidrojeni imeungana kuwa molekuli, haitoi mstari huo. Hiyo husomwa kwa kutumia molekuli ya kaboni monoksidi, ambayo iligunduliwa angani mwaka 1970 na ambayo mstari wake mashuhuri uko kwenye gigahezi 115.27, sawa na milimita 2.6. Hesabu ya umbali ni ileile. Mtu anayechunguza mahali zinapozaliwa nyota hupendelea kaboni monoksidi kwa sababu mawingu yake yana mipaka iliyo wazi, ilhali haidrojeni ya atomu imetandaa kila mahali na vilele vya mng'ao wake hupandana.

Je, kasi inayosomwa ni kasi ya wingu peke yake?

Sivyo, na hapa ndipo wanaoanza hukosea. Dunia hulizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, hivyo wingu moja likipimwa mwezi huu na likapimwa tena baada ya miezi sita huweza kuonekana limebadili kasi kwa hadi kilomita 60 kwa sekunde, japo lenyewe halikubadilika. Mzunguko wa Dunia kwenye mhimili wake huongeza hadi kilomita 0.46 kwa sekunde kwa aliyeko kwenye ikweta. Jua nalo lina mwendo wake wa pekee, unaokadiriwa kwa desturi kuwa kilomita 20 kwa sekunde, likilinganishwa na wastani wa nyota jirani zake. Yote haya huondolewa kwanza, ili kasi iliyobaki iwe ni ile ambayo ingeonwa na mtazamaji anayezunguka galaksi kwa duara kamili mahali lilipo Jua. Kasi iliyosahihishwa hivyo ndiyo inayoingia katika hesabu zote zinazofuata.

Mwendo unawezaje kufichua umbali?

Kwa sababu galaksi haizunguki kama gurudumu gumu. Katika sehemu kubwa ya sahani, gesi iliyo karibu na kitovu na ile iliyo mbali nacho husafiri kwa karibu kasi moja, takriban kilomita 235 kwa sekunde, lakini ya ndani ina duara fupi zaidi la kumaliza. Matokeo yake ni kwamba ya ndani hulipita Jua na ya nje huachwa nyuma.

Wafikirie wanariadha wanaokimbia kwenye uwanja wa duara, kila mmoja kwenye njia yake, wote kwa kasi ileile. Mkimbiaji wa njia ya katikati akimtazama wa njia ya ndani aliyeko mbele yake kwa mshazari, atamwona anazidi kumwacha. Akimtazama wa njia ya nje aliyeko mbele, atamwona umbali kati yao unapungua. Kwa kupima tu jinsi mwenzake anavyomkaribia au kumwacha, na kwa kujua anatazama upande gani, anaweza kukokotoa ni njia ipi mwenzake anakimbilia. Hivyo ndivyo tufanyavyo na gesi, na ni muhimu kuona kwamba jibu la kwanza tunalolipata ni njia, yaani umbali wa gesi kutoka kitovuni. Umbali wake kutoka kwetu huja baadaye, na ndio wenye matatizo.

Hesabu yenyewe hufanywaje?

Inahitaji vitu vinne: umbali wa Jua kutoka kitovuni, kasi ya mzunguko mahali lilipo Jua, kanuni inayosema kasi hiyo ni kiasi gani katika kila umbali kutoka kitovuni, na mwelekeo tunaotazama. Mwelekeo hutajwa kwa longitudo ya galaksi, ambayo ni nyuzi 0 kuelekea kitovu kilicho katika kundinyota la Mshale, nyuzi 90 kuelekea upande tunakokwenda katika mzunguko, na nyuzi 180 kuelekea nje ya galaksi.

Tuchukue umbali wa Jua kuwa kiloparseki 8.2 na tudhani kwamba kasi ya mzunguko ni kilomita 235 kwa sekunde kila mahali. Kwa dhana hiyo, na kwa gesi iliyo kwenye ulalo wa sahani, kasi inayopimwa ni sawa na 235 mara saini ya longitudo, mara tofauti ipatikanayo kwa kugawanya umbali wa Jua kutoka kitovuni kwa umbali wa gesi kutoka kitovuni na kisha kutoa 1.

Sasa tutazame longitudo ya nyuzi 30, ambayo saini yake ni 0.5, na tuseme kaboni monoksidi inaonyesha kilele kwenye kilomita 60 kwa sekunde. Nusu ya 235 ni 117.5. Tukigawanya 60 kwa 117.5 tunapata 0.511. Kwa hiyo 8.2 ikigawanywa kwa umbali wa gesi kutoka kitovuni ni 1.511, na umbali huo ni kiloparseki 5.43. Mpaka hapa hakuna utata wowote: wingu liko kwenye duara lenye nusukipenyo cha kiloparseki 5.43, likizunguka ndani ya mzingo wa Jua.

Kinachobaki ni jiometria ya pembetatu yenye ncha tatu, yaani Jua, kitovu na wingu. Zidisha 8.2 kwa kosaini ya nyuzi 30, upate 7.10. Chukua mraba wa 5.43, utoe mraba wa 4.1 (ambayo ni 8.2 mara saini ya nyuzi 30), kisha utafute kipeo cha pili, upate 3.56. Umbali wa wingu kutoka kwetu ni 7.10 kutoa 3.56, au 7.10 kujumlisha 3.56. Yaani ni kiloparseki 3.54 au kiloparseki 10.66. Kwa miaka ya nuru ni kama 11,500 au kama 34,800.

Kwa nini kuna majibu mawili?

Kwa sababu mstari wa mtazamo wetu unalikata duara la wingu mara mbili, mara moja unapoingia na mara moja unapotoka, na gesi iliyo kwenye makutano yote mawili huonyesha kasi ileile kabisa. Hakuna usahihi wa kipokezi, uwe mkubwa namna gani, unaoweza kuyatenganisha makutano hayo kwa kasi peke yake.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Uzito wa wingu hukokotolewa kutokana na mng'ao wake pamoja na mraba wa umbali, kwa hiyo katika mfano wetu, anayechagua jibu la mbali badala ya la karibu hulipa wingu uzito mara tisa zaidi. Wingu la kawaida hugeuka kuwa jitu, na kila kitakachosemwa juu ya nyota zinazozaliwa humo kitakuwa kimepotoka kwa sababu ya alama moja ya kujumlisha au kutoa.

Basi utajuaje ni jibu la karibu au la mbali?

Njia bora, kwa maoni yangu, ni ya ufyonzaji. Mawingu mengi yana ndani yake nyota changa zenye joto kali, ambazo huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomu zinazozizunguka na kuifanya gesi hiyo moto kung'aa kwa mawimbi ya redio ya kila frikwensi. Mwangaza huo unatufaa kama taa iliyowekwa nyuma ya pazia: haidrojeni baridi yoyote iliyo kati ya taa na sisi hufyonza sehemu ya mwangaza kwenye kasi yake yenyewe.

Turudi kwenye nyuzi 30 na wingu letu la kilomita 60 kwa sekunde. Katika mwelekeo huo, kasi ya juu kabisa inayowezekana chini ya dhana zetu ni 117.5, na gesi yenye kasi hiyo iko kiloparseki 7.10 kutoka kwetu, katikati ya majibu yetu mawili. Taa ikiwa karibu, kwenye 3.54, mwangaza wake haupiti katika gesi yenye kasi inayozidi 60, hivyo mikato ya ufyonzaji (mapengo yanayoachwa na mwangaza uliofyonzwa) itakoma kwenye 60. Ikiwa mbali, kwenye 10.66, mwangaza utakuwa umepita katika gesi ya kasi zote hadi 117, na spektra (mchoro wa mng'ao kwa kila kasi) itakuwa na mikato hadi huko. Unaiweka spektra ya ufyonzaji chini ya ile ya kaboni monoksidi, unaangalia upande wa kulia wa 60, na jibu liko mbele ya macho yako. Molekuli ya formaldehidi, yenye mstari wa ufyonzaji kwenye gigahezi 4.83, hutumika kwa namna hiyohiyo. Tahadhari ni moja: kukosekana kwa mikato ni ushahidi dhaifu kuliko kuwapo kwake, kwa kuwa huenda ni bahati tu kwamba hakuna gesi baridi katika njia hiyo.

Wingu lisilo na taa ndani yake hutafutiwa ushahidi mwingine. Haidrojeni baridi iliyo ndani ya wingu la molekuli lililo karibu hufyonza mng'ao wa haidrojeni yenye joto iliyo nyuma yake kwenye kasi hiyohiyo, ikaacha shimo jembamba katika spektra ya sentimita 21. Wingu la mbali halina mandhari ya nyuma ya kutosha, kwa hiyo shimo halionekani. Vilevile, wingu linaloonekana kama doa jeusi katika picha za miale ya infraredi lina uwezekano mkubwa wa kuwa karibu, maana mng'ao unaolizungushia lazima uwe nyuma yake.

Kimo juu ya sahani nacho husaidia. Wingu lililo nyuzi 1 kutoka katikati ya sahani litakuwa na kimo cha parseki 62 kama liko kiloparseki 3.54, na parseki 186 kama liko 10.66. Gesi ya molekuli katika sehemu za ndani za galaksi hukaa katika tabaka lenye unene wa takriban parseki 100 tu, kwa hiyo kimo cha pili kinatia shaka, ingawa hakikanushi. Ushahidi wa namna hii ni wa uwezekano, na unapaswa kuandikwa hivyo.

Je, gesi iliyo nje ya mzingo wa Jua nayo ina majibu mawili?

Haina. Mstari wa mtazamo hulikata duara kubwa kuliko la Jua mara moja tu. Kwenye nyuzi 30, kasi ya kilomita 30 kwa sekunde ya kutukaribia ina jibu moja, kiloparseki 17.3. Kati ya nyuzi 0 na 180 gesi ya nje hutukaribia, na kati ya nyuzi 180 na 360 hutukimbia.

Nukta ya tanjenti ni nini, na kwa nini hutajwa mara nyingi?

Ni mahali ambapo mstari wa mtazamo hulipapasa duara bila kulikata, na ndipo mahali pa karibu zaidi na kitovu katika mstari huo. Gesi iliyo hapo huelekeza mwendo wake wote kwenye mstari wetu wa mtazamo, kwa hiyo hutoa kasi ya juu kabisa ya mwelekeo huo. Umbali wake unajulikana kwa jiometria peke yake: ni umbali wa Jua kutoka kitovuni mara kosaini ya longitudo.

Thamani yake kubwa ni kwamba hapo ndipo tunapoipatia kanuni ya mzunguko yenyewe. Ukiisoma kasi ya juu kabisa kwenye nyuzi 30 na kuijumlisha na kasi ya Jua mara saini ya nyuzi 30, umepata kasi ya mzunguko kwenye kiloparseki 4.1 kutoka kitovuni, bila kuhitaji kujua umbali wowote mwingine. Ukirudia kwa kila longitudo, umeijenga kanuni kwa sehemu ya ndani ya galaksi. Nje ya mzingo wa Jua hakuna nukta ya tanjenti, na kanuni ya huko inahitaji vitu vilivyopimwa umbali kwa njia nyingine. Tunapofuata kanuni hiyo kwenda nje tunaona kwamba kasi haishuki kama ambavyo mwanga wa nyota ungetufanya tutarajie, na huo ni mojawapo ya ushahidi wa maada isiyoonekana.

Ni upande gani wa anga ambako mbinu hii haifai?

Kuelekea kitovu na kuelekea upande ulio kinyume chake. Katika nyuzi 0 na 180, mwendo wote wa duara hukatiza mstari wa mtazamo kwa pembemraba, kwa hiyo kasi inayotarajiwa ni sifuri kwa kila umbali. Gesi ya jirani na gesi ya ng'ambo huonyesha nambari ileile. Kwa sababu hii ramani ya haidrojeni iliyochapishwa mwaka 1958 na Jan Oort, Frank Kerr na Gart Westerhout, iliyounganisha vipimo vya Uholanzi na vya Australia, ina sehemu zilizoachwa wazi mithili ya vipande vya duara vilivyokatwa. Nawaheshimu sana kwa kuziacha wazi.

Sehemu ya ndani kabisa ina tatizo la pili. Galaksi yetu ina upau wa nyota unaopita katikati yake, na mvutano wa upau huo huilazimisha gesi kufuata njia ndefu zisizo za duara. Mfano ulio dhahiri ni mkono uitwao wa kiloparseki 3: hasa kwenye nyuzi 0, ambako mwendo wa duara ungetoa sifuri, gesi ya mkono huo hutukaribia kwa kilomita 53 kwa sekunde. Mwaka 2008 Thomas Dame na Patrick Thaddeus walitangaza kuuona mwenzake wa upande wa mbali, unaotukimbia kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Yeyote anayeipeleka kasi hiyo kwenye mlinganyo wa duara atapata nambari isiyo na maana.

Kosa la kawaida ni kubwa kiasi gani?

Inategemea mwelekeo na kasi, na ndiyo maana sipendi kosa moja linaloandikwa kwa orodha nzima. Mawingu yana mwendo wao wa pekee wa kilomita kadhaa kwa sekunde, na mikono ya galaksi huongeza mwendo wake. Tuchukue kilomita 10 kwa sekunde kama mfano. Kwa wingu letu la nyuzi 30, kasi ya 50 hutoa kiloparseki 3.07, ya 60 hutoa 3.54, na ya 70 hutoa 4.00. Kosa la nusu kiloparseki linavumilika.

Karibu na nukta ya tanjenti hali ni tofauti kabisa. Kasi ya 110 hutoa kiloparseki 6.04 au 8.16, ilhali 117.5 hutoa 7.10. Gesi yote iliyotandaa kwa zaidi ya kiloparseki mbili imebanwa ndani ya kilomita 7.5 kwa sekunde, yaani ndani ya kiasi kinachoweza kuletwa na mwendo wa kawaida wa wingu moja. Wingu likionyesha 120, mlinganyo haulikubali kabisa, na desturi ni kuliweka kwenye nukta ya tanjenti. Mbano huu una madhara mengine: kilele kirefu katika spektra huweza kuwa ni gesi nyingi mahali pamoja, au gesi ya kawaida iliyotandaa mbali na kurundikwa kwenye kasi moja. Ramani zinazochorwa bila kulikumbuka hilo huonyesha mikono isiyokuwapo.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha W3(OH), eneo linalozaa nyota kubwa katika mkono wa Perseus, karibu na nyuzi 134. Kasi yake, kama kilomita 45 kwa sekunde ya kutukaribia, hutoa umbali wa takriban kiloparseki 4.3 kwa vigezo vya zamani vya umbali na kasi ya Jua. Mwanga wa nyota zake ulielekeza kwenye nusu ya umbali huo, na mvutano kati ya nambari hizo mbili ulidumu kwa miaka mingi. Mwaka 2006 paralaksi (badiliko dogo la mahali kitu kinapoonekana huku Dunia ikilizunguka Jua) ya maseri za methanoli, vyanzo vidogo vya redio, iliyopimwa kwa mtandao wa darubini za redio wa VLBA, ilitoa kiloparseki 1.95. Hapakuwa na kosa katika kupima kasi. Gesi ya sehemu hiyo ya mkono haifuati duara, na mwelekeo wa mwendo wake wa ziada unapatana na nadharia kwamba mikono ni mawimbi ya msongamano yanayoivuta gesi inapopita.

Je, paralaksi ya maseri haijaifanya mbinu hii iwe ya zamani?

Maseri ni vyanzo vidogo vyenye mng'ao mkali wa redio, na mahali pake angani huweza kupimwa kwa usahihi wa ajabu huku Dunia ikilizunguka Jua. Umbali upatikanao ni wa pembetatu halisi, usiodhani lolote juu ya mzunguko wa galaksi, na mwaka 2017 ulitangazwa umbali wa chanzo kilicho kiloparseki 20.4, ng'ambo ya kitovu. Palipo na paralaksi nzuri, umbali wa mwendo unapaswa kuiachia nafasi.

Lakini vyanzo vilivyopimwa hivyo hadi ilipochapishwa tathmini kubwa ya mwaka 2019 vilikuwa kama 200, na kila kimoja kilihitaji vipindi vingi vya uchunguzi. Mawingu ya gesi ni maelfu kwa maelfu, na mengi hayana maseri. Kinachofanyika sasa ni kuviunganisha: paralaksi huirekebisha kanuni ya mzunguko na kuonyesha mikono ilipo, kisha wingu jipya hupewa umbali kwa kuzingatia kasi yake, kimo chake na ukaribu wake na mkono unaojulikana kwa pamoja.

Vigezo vya Jua vikibadilika, umbali wa zamani unafanywaje?

Mwaka 1985 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipendekeza kiloparseki 8.5 na kilomita 220 kwa sekunde. Vipimo vya karibuni vimeshusha cha kwanza na kupandisha cha pili. Tathmini ya maseri ya mwaka 2019 ilipata 8.15 na 236. Wingu letu la kilomita 60 kwa sekunde, kwa vigezo vya 1985, lingekuwa kiloparseki 3.87 au 10.85 badala ya 3.54 au 10.66. Wingu halikusogea. Ndiyo maana kila orodha ya umbali inapaswa kubeba safu ya longitudo na safu ya kasi iliyopimwa, pamoja na vigezo vilivyotumika. Mwenye safu hizo hukokotoa upya kwa dakika chache, na asiyekuwa nazo hana la kufanya na nambari hiyo.

Je, mbinu hii hutumika katika galaksi nyingine?

Kwa namna iliyogeuzwa. Tukiitazama galaksi nyingine kutoka nje, mahali pa kila wingu ndani yake huonekana pichani, hivyo kasi hutumika kujua jinsi inavyozunguka badala ya mahali gesi ilipo. Kasi huweza pia kutupatia umbali wa galaksi nzima: Brent Tully na Richard Fisher walionyesha mwaka 1977 kwamba kadiri mstari wa sentimita 21 wa galaksi ya mikono unavyokuwa mpana, ndivyo galaksi hiyo inavyokuwa na mng'ao mwingi wa asili, na mng'ao wa asili ukilinganishwa na ule unaoonekana hutoa umbali.

Mtu mwenye antena ndogo anaweza kujaribu haya mwenyewe?

Anaweza, na napenda kumtia moyo afanye hivyo. Sahani ya mita moja au antena ya umbo la pembe, yenye kipokezi cha megahezi 1420, huinasa haidrojeni ya Njia Nyeupe bila taabu kubwa. Kwa sahani ya mita moja eneo linaloonwa kwa mara moja ni pana, zaidi ya nyuzi 10, kwa hiyo mawingu hayatenganishiki na umbali wa wingu moja moja haupatikani. Kinachopatikana ni kasi ya ukingo. Aelekeze antena kwenye longitudo mbalimbali kati ya nyuzi 20 na 90, asahihishe mwendo wa Dunia na wa Jua, kisha katika kila spektra atafute mahali mng'ao unapoporomoka upande wa kasi kubwa. Asisome pale unapogusa sifuri, kwa kuwa mtikisiko wa gesi yenyewe huusukuma ukingo nje kwa kilomita kadhaa kwa sekunde. Asome chini kidogo ya bega la mwisho. Kwenye nyuzi 30 ukingo huo utamwangukia mahali fulani karibu na kilomita 110 kwa sekunde, na akiujumlisha na 117.5 atakuwa ameipima, kwa antena yake mwenyewe, kasi ya gesi iliyo nusu ya njia kuelekea kitovu cha galaksi.